Wote wawili wana usonji, mbona hawafanani hata kidogo?

Kuna mama kaniandikia, nalifupisha swali lake hapa ili na wengine mfuate. Ana watoto wawili wa kiume, mmoja miaka 9 mwingine 6, na wote wameambiwa wana usonji. Mkubwa anaongea, tena anaongea sana, anasoma vizuri, sayari anazijua zote na umbali wake kutoka kwenye jua, ila kelele zinamvuruga na ratiba ikibadilika siku imekwisha, na juzi juzi kaongezewa ADHD juu yake, yaani ile shida ya kutulia na kushika umakini. Mdogo haongei kabisa, akitaka kitu anamshika mama mkono anampeleka mpaka kilipo, kuna nguo hataki zimguse, ila anapenda watu na anapenda kukumbatiwa. Sasa anauliza: "Daktari, ugonjwa mmoja unawezaje kuwa hivi? Si mmoja wao kapimwa vibaya? Nikiwapeleka wote wakapigwa picha ya ubongo haitaonekana nani ana nini hasa? Halafu kuna hili linanitesa, mkubwa leo anafanya hesabu zote, kesho hesabu zilezile hawezi hata moja, baba yake anasema anafanya makusudi."

Dada yangu, pole kwanza, maana nimesoma barua yako yote na naona umelibeba hili muda mrefu. Nikujibu la kwanza haraka: kutofanana kwao peke yake sio dalili kwamba kuna aliyepimwa vibaya. Nimewaona ndugu wengi wa namna hiyo, na siku hizi wakija wawili wanaofanana sana ndo nashangaa.

Tatizo linaanzia kwenye lile neno ugonjwa mmoja. Mtu akiwa na malaria kuna kimelea kwenye damu yake, kinaonekana kwa darubini, na kimelea hicho ndo malaria yenyewe. Usonji hauna kimelea. Usonji ni jina tulilolipa kundi la tabia tunazoziona kwa nje, yaani mtoto anavyowasiliana na kuhusiana na watu, halafu ile hali ya kurudiarudia mambo, kushikilia ratiba, kupenda kitu kimoja kupita kiasi, na kusikia sauti au mguso kwa namna tofauti na wengine. Mtoto asiyesema neno anaingia hapo, na mtoto anayekuhutubia nusu saa juu ya sayari bila kuona kwamba umeshachoka naye anaingia hapo hapo. Mlango ni mmoja ila waliopita mlangoni wametoka njia tofauti kabisa.

Na hili halijaanza leo. Leo Kanner, daktari wa watoto na akili kule Baltimore, Marekani, alipoandika mwaka 1943 ile ripoti iliyoupa usonji jina tunalolitumia, alieleza watoto 11 tu. Kati ya hao 11, 8 waliweza kuongea na 3 hawakuongea. Umeona? Toka siku ya kwanza kabisa watoto wako wote wawili walikuwemo kwenye ile orodha, wamekaa pamoja. Baadaye watu wakajaribu kuwatenganisha kwa majina, wanaoongea vizuri wakaitwa Asperger, wengine jina jingine, hadi mwaka 2013 kitabu cha vigezo cha madaktari wa akili wa Marekani, ambacho nchi nyingi zinakifuata, kikayafuta majina hayo na kuwarudisha wote kwenye usonji mmoja wenye viwango vya msaada. Kitabu hichohicho ndo kiliruhusu mtoto aandikiwe usonji na ADHD kwa pamoja, kabla ya hapo kilikuwa kinakataa, ukipewa usonji basi ADHD huandikiwi. Kwahiyo mwanao mkubwa angezaliwa miaka kadhaa nyuma angetoka kliniki na jina lingine, mdogo wake na jina lingine, na pengine wewe usingeniuliza hili swali, wakati bongo zao zingekuwa ni zilezile.

Sasa utaniambia, sawa, lakini hawa baba mmoja mama mmoja. Kweli, na usonji unatembea kwenye familia, hilo halina ubishi. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter kule London waliangalia mapacha 21, yaani jozi 21, ambapo angalau mmoja ana usonji. Kwa mapacha wa kufanana, jozi 4 kati ya 11 wote wawili walikuwa na usonji, kwa wasiofanana hakuna hata jozi moja kati ya 10. Hapo ndo watu wakaacha kumlaumu mama kwamba kamnyima mtoto upendo (na akina mama waliumizwa sana na lile fundisho, inaniuma mpaka leo nikikutana na anayeliamini). Lakini kinachorithiwa sio kitu kimoja. Jeni zinazohusika ni mamia, wengine wana nyingi ndogondogo zinazosukuma kidogo kidogo, wengine wana badiliko moja adimu lenye nguvu, na mara nyingine badiliko hilo halipo kwa baba wala kwa mama, limetokea lenyewe wakati mimba inatungwa. Mwaka 2015 watafiti wa Canada walisoma jeni zote za familia 85 kama yako, kila moja ina watoto wawili wenye usonji, na pale walipolipata badiliko la jeni linalohusika, karibu ndugu 7 kati ya 10 hawakuwa na badiliko linalofanana na la mwenzake. Ndugu wa damu, jina moja la ugonjwa, sababu mbili. Soma sentensi hiyo mara mbili dada yangu maana ndo jibu la swali lako la kwanza.

Hata mapacha wa kufanana kabisa, wenye jeni zilezile, wote wana usonji, bado utakuta mmoja anaongea zaidi au mmoja anahitaji msaada zaidi. Ubongo haujengwi kwa ramani iliyochorwa mpaka msumari wa mwisho. Una neva kama bilioni 86, zinazaliwa, zinasafiri kwenda mahali pake, zinarusha nyuzi kutafuta wenzake, zinaunganishwa kwa wingi kupita mahitaji, halafu miaka inavyokwenda miunganiko isiyotumika inapunguzwa. Kwenye kazi ndefu hivyo, kitu kikichelewa kidogo hapa kinabadilisha kinachofuata pale, na mtoto mwenyewe anavyoishi, anachokiangalia, anachokikwepa, nacho kinaendelea kuujenga ubongo wake. Wawili wakianza mahali pamoja wanaweza kuishia mbali, na wawili walioanza mbali wakakutana kwenye tabia moja.

Haya, picha ya ubongo.

Naelewa kwa nini unaitaka, picha ni kitu cha kushika mkononi, mtu akikubishia unamwonyesha. Lakini hakuna picha ya MRI inayoweza kusema huyu ana usonji, huyu ana ADHD, na anayekuambia yeye anayo anakuuzia kitu ambacho hakipo. Nieleze kidogo kwa nini, maana wazazi huwa wanasoma habari kwamba wanasayansi wameona tofauti kwenye ubongo, halafu wanaona sisi tunawanyima kipimo.

Tofauti zinaonekana kweli, ila zinaonekana kwenye wastani wa kundi. Chukua ADHD ya mkubwa wako. Mwaka 2007 Philip Shaw na wenzake Marekani walipima watoto 223 wenye ADHD na 223 wasio nayo, wakaangalia gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, linafika lini kwenye unene wake wa juu kabla halijaanza kupungua kama kawaida. Wasio na ADHD nusu ya gamba ilishafika wakiwa na miaka 7 na nusu, wenye ADHD miaka 10 na nusu, na uchelewaji ulikuwa mkubwa zaidi sehemu za mbele, zile za kujizuia na kupanga. Ni matokeo ninayoyapenda, yanamwambia mzazi kwamba ubongo wa mwanao unakua kwa ratiba yake, haujasimama. Lakini huo ni wastani wa watoto mia mbili na kitu. Ukinipa picha ya mtoto mmoja siwezi kukuambia yuko kundi gani, kwa sababu ndani ya kila kundi wametawanyika mno na makundi yenyewe yamepandiana.

Watafiti wa Uholanzi waliligeuza swali mwaka 2020. Badala ya kuuliza kundi lina tofauti gani, wakauliza kila mtu mmoja mmoja mwenye ADHD, ubongo wako uko nje ya kawaida wapi? Karibu kila mtu alikuwa na mahali pake, na ni sehemu chache sana zilizojirudia kwa zaidi ya asilimia 2 ya watu. Yaani yule mgonjwa wa wastani tuliyemchora vitabuni miaka yote, ukimtafuta mtaani humpati.

Halafu kuna utafiti wa Cambridge, nao wa 2020, huu ndo huwa nawasimulia wazazi wakiwa na muda. Walichukua watoto 479, wengi wao wana shida darasani, wengine wana ADHD, wengine usonji, wengine disleksia (shida ya kusoma), wengine hawajaandikiwa kitu chochote, wakaipa programu ya kompyuta inayojifunza yenyewe picha zao za ubongo bila kuiambia nani ameandikiwa nini. Walitegemea kuona sehemu fulani ikiwa hivi basi shida ni hii. Haikutokea. Mtoto mwenye tofauti sehemu A anaweza kuwa na shida ya kumbukumbu, mwenzake mwenye tofauti ileile ana shida ya lugha, wa tatu hana shida yoyote. Kilichosaidia kueleza ni miunganiko. Ubongo una sehemu ambazo ni kama stendi kuu, mabasi ya kila upande yanapita pale. Watoto ambao stendi kuu zao zimeunganishwa vizuri, shida zao zilikuwa ndogo, za eneo moja tu, au hawakuwa nazo. Ambao stendi zao zimeunganishwa vibaya, shida zilikuwa nzito na za kila upande. Na majina waliyoandikiwa hospitali hayakuendana na hayo makundi. Fikiria barabara moja ya mtaani imefungwa, kama stendi inafanya kazi watu watazunguka na watafika, kama stendi yenyewe ina shida hata barabara nzima hazikusaidii.

Kwahiyo usiwapeleke MRI kutafuta usonji. Mtoto wa miaka 6 asiyependa kuguswa, kwenye ile mashine inayogonga kama nyundo, inabidi alazwe kwa dawa ya usingizi, na dawa ya usingizi sio kitu cha kumpa mtoto bure bure. MRI inahitajika kukiwa na sababu nyingine: kifafa au mtoto kuzubaa ghafla asisikie hata ukimgusa, kupoteza ujuzi aliokuwa nao hasa akiwa ameshakuwa mkubwa, upande mmoja wa mwili kuwa dhaifu, kichwa kinachokua haraka au kidogo kupita kiasi, mabaka meupe kwenye ngozi yanayomtia daktari wasiwasi. Kama kuna moja la hayo, usisubiri, mwone daktari wiki hii.

Ninachokuomba uulize badala yake ni vitu viwili. Mdogo kapimwa usikivu, kapimwa kweli, kwa mashine? Sio kwamba anageuka mlango ukigongwa, maana mtoto anaweza kusikia kishindo na asisikie sauti za maneno, na nimeshakutana na watoto waliokaa miaka na usonji peke yake kwenye faili wakati masikio nayo yalikuwa na shida, hakuna aliyeyaangalia. Cha pili ni kipimo cha jeni kama hospitali yenu inacho, hasa kwa mdogo asiyeongea. Hiki nacho sio cha kuthibitisha usonji, ni cha kutafuta chanzo, kuna hali kama ile ya kromosomu X dhaifu ambayo ikijulikana inawasaidia hata ndugu wengine kupanga uzazi, na nyingine zinakuja na kifafa au shida ya figo ambayo ni bora kuifuatilia mapema.

Sasa turudi kwa watoto wenyewe, maana mkubwa wako unamsimulia kama ndo mwenye nafuu na mimi sina uhakika na hilo.

Mwaka 1985 London, Simon Baron-Cohen, Alan Leslie na Uta Frith walifanya jaribio ambalo kila mwanafunzi wa saikolojia analijua. Kuna wanasesere wawili, mmoja anaweka gololi kwenye kikapu anatoka nje, mwenzake anaihamishia kwenye boksi. Mtoto anaulizwa, yule akirudi ataitafuta gololi yake wapi? Watoto wengi wasio na usonji wa miaka minne na kuendelea wanasema kwenye kikapu, kwa sababu yeye hajui imehamishwa. Kati ya watoto 20 wenye usonji, 16 walisema kwenye boksi. Ikatangazwa dunia nzima kwamba wenye usonji hawajui kuwa watu wengine wana mawazo yao, na wapo walioenda mbali zaidi wakasema hawana huruma. Mimi miaka yote nawaza wale 4 waliojibu sawa. Walikuwa na usonji kama wenzao, wakajibu sawa, halafu hadithi ikasimuliwa kana kwamba hawakuwepo. Tafiti za baadaye zilionyesha wengi wanaofaulu jaribio hilo wanafikia jibu kwa kulifikiria, wanalipiga hesabu, wakati mtoto mwingine linamjia tu.

Mwanao mkubwa, kwa ulivyomweleza, naona anapita njia hiyo. Anaangalia uso wa mwalimu anakokotoa, anasikiliza darasa zima anakokotoa, anajizuia kuruka anapofurahi kwa sababu alishachekwa, na kwa nje anaonekana yuko sawa. Matokeo ni yaleyale, gharama ndani ya kichwa sio ileile. Ndo maana unaambiwa shuleni hana tatizo lolote halafu akifika nyumbani, mlango ukifungwa tu, analipuka. Sio kwamba kwako hana adabu, kwako ndo mahali pekee anapoweza kuutua ule mzigo.

Na mdogo, usimhesabu kama ndo mbaya zaidi. Kutoongea kunatuambia juu ya mdomo wake, hakutuambii anaelewa kiasi gani. Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2013 wa watoto 535 wenye usonji, wote walikuwa wamechelewa sana kuongea walipokuwa na miaka 4, na walipofika miaka 8 au zaidi asilimia 70 walikuwa wanaunganisha maneno na karibu nusu, asilimia 47, wanaongea kwa ufasaha. Wapo ambao hawakuongea, siwezi kukuahidi kitu. Lakini moja ya vitu vilivyoendana na kuongea baadaye ni mtoto kuvutiwa na watu, na hilo wako analo tele. Mpe njia ya kuwasiliana leo, kadi za picha, ishara za mikono, tableti yenye programu ya kutoa sauti, chochote kinachopatikana, na yeyote atakayekuambia hivyo vitamfanya mvivu wa kuongea amekosea, tafiti haziungi mkono hilo na wapo watoto ambao maneno yalikuja baada ya picha. Kule kukushika mkono na kukupeleka mpaka kilipo kitu tayari ni mazungumzo, we mjibu kwa maneno, kila mara.

La mwisho ni hili la baba yake, nimelibakiza kusudi kwa sababu naona ndo linawagombanisha nyumbani.

Kitu kimoja ambacho kimejirudia kwenye tafiti nyingi sana za ADHD ni kuyumba. Mtoto unampa kifungo, unamwambia akiona alama abonyeze, mara mamia. Unaweza kudhani mwenye ADHD atakuwa mzito mara zote. Hapana, mara nyingi anabonyeza haraka kama wenzake, halafu ghafla moja inachelewa sana, anarudi kwenye kasi, inachelewa tena. Uwezo upo, kisichotulia ni kuushika. Kemikali za ubongo kama dopamini na noradrenalini zinazosaidia sehemu ya mbele ya ubongo kuishikilia kazi hazijatulia vizuri, kwahiyo usingizi ukiwa mbaya, kelele zikizidi, kazi ikiwa haina mvuto, au ameshatumia nguvu zake zote kukokotoa sura za watu, hesabu za jana leo hazifunguki. Na yeye mwenyewe hajui kwa nini, ndo maana akiulizwa jana si uliweza anakaa kimya au analia. Baba anauona ukimya ule anadhani ni kiburi. Mwambie baba kwamba anachokisema kina mantiki kabisa, mtu akiweza jana utategemea aweze leo, ubongo wa aina nyingi ndivyo ulivyo, ila huu wa mwanawe haufuati hiyo kanuni.

Kuhusu dawa ya ADHD uliyoniandikia kwamba mmetajiwa, methilifenideti, inafanya kazi kwa kuziacha hizo kemikali zikae muda mrefu zaidi kati ya neva. Inawasaidia watoto wengi wa ADHD, lakini kwa wenye usonji na ADHD pamoja nafasi ni ndogo kidogo, kwenye jaribio moja la 2005 la watoto 72 wa hali hiyo karibu nusu ndo walinufaika, na madhara kama kukosa usingizi na hasira yalitokea zaidi. Mimi siikatai, nimeona watoto waliobadilika kabisa. Muombe tu daktari aanze na dozi ndogo apandishe taratibu, na msiache kumwambia mnachokiona.

Na ili mwone kitu cha kumwambia, kabla hamjaenda mfanye hivi wiki mbili. Baba ndo aandike, sio wewe. Kila siku mistari michache tu: kalala saa ngapi kaamka saa ngapi, siku ilikuwa na kelele au mabadiliko gani, kazi ya hesabu kaianza saa ngapi, kamaliza au kagoma. Asiandike maoni yake, aandike alichokiona. Nimewaomba akina baba wengi wafanye hivi na wengi wamerudi na daftari wakiwa wameshaacha kusema makusudi, bila mimi kubishana nao. Mkienda kliniki nendeni nalo, na yeye aende, akae kwenye kiti cha mbele alisome mwenyewe.